Santiago Bernabéu: Mzee aliyewakopa wanachama akajenga dimba

UKITAJA Bernabéu leo, kijana wa miaka 20 anafikiria nyasi zinazoshushwa chini ya ardhi, paa linalofunguka na kufunga, na usiku wa Ligi ya Mabingwa ambapo mgeni anaongoza mpaka dakika ya 88 halafu analala amefungwa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuwa jina la uwanja, hilo lilikuwa jina la mtu. Tena mtu mwenye mwili mkubwa, sauti nzito na kichwa kigumu, aliyependa kuvua samaki kuliko kuvaa suti.

Santiago Bernabéu Yeste alizaliwa Juni 8, 1895 huko Almansa, mji mdogo wa mkoa wa Albacete, kusini mashariki mwa Hispania. Familia yake ilihamia Madrid angali mdogo. Alisomea sheria, lakini moyo ulikuwa kwenye mpira. Mwaka 1909 aliingia timu ya watoto ya klabu iliyoitwa Madrid tu wakati huo, bila hiyo "Real" iliyokuja mwaka 1920 kwa ruhusa ya mfalme. Miaka michache baadaye alikuwa timu kubwa, straika wa nguvu, na baadaye nahodha. Alistaafu mwaka 1927. Kwa hiyo tusimchanganye na wale marais wa klabu wanaokuja na mkwanja wa biashara zao bila kujua kona inapigwaje. Huyu alishacheza.

Na kuna jambo alilojifunza akiwa mchezaji ambalo bila hilo huwezi kuelewa mengine yote. Mwaka 1912 klabu ilipata kiwanja mtaa wa O'Donnell. Wachezaji wenyewe, yeye akiwemo, walisaidia kuuzungushia uzio wa mbao. Ulikuwa uwanja wao, lakini ardhi haikuwa yao. Jiji likakua, ardhi ikapanda thamani, na mwaka 1923 wakaondoka wakahamia Ciudad Lineal, wakicheza katikati ya uwanja wa mbio za baiskeli. Mwaka 1924 ndipo wakafungua uwanja wa Chamartín, kaskazini mwa jiji, kwa mechi dhidi ya Newcastle United ya Uingereza. Uliingiza watu wapatao 15,000. Mpangaji ni mpangaji tu hata kama ana kombe kabatini, na Bernabéu hakulisahau hilo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka mwaka 1936, alikuwa upande wa kulia wa siasa, tena mtu wa kumtaka mfalme arudi. Madrid ilikuwa mikononi mwa serikali ya Jamhuri. Akajificha kwenye ubalozi wa Ufaransa, akatoroka, kisha akarudi kupigana upande wa Jenerali Franco. Hili halifichiki na halina haja ya kupambwa. Upande wake ulishinda mwaka 1939.

Lakini klabu aliyoirudia ilikuwa magofu. Wachezaji wametawanyika, wengine uhamishoni. Mbao za majukwaa ya Chamartín zilikuwa zimeng'olewa watu wakapikia na kuotea moto wakati wa njaa ya mji uliozingirwa. Baada ya vita utawala mpya uliutumia uwanja huo kuwaweka wafungwa. Na timu iliyopendwa na wakubwa wa jeshi haikuwa Real Madrid, kinyume na wengi wanavyodhani. Ilikuwa Atlético, iliyounganishwa na timu ya jeshi la anga ikaitwa Atlético Aviación, ikabeba ligi mwaka 1940 na 1941.

Urais ulimjia kwa njia ya ajabu. Juni 1943, nusu fainali ya Kombe la Generalísimo, Barcelona walishinda 3-0 nyumbani. Marudiano Chamartín, Juni 13, Madrid wakashinda 11-1. Ndiyo, kumi na moja! Barcelona wanasema mpaka leo kwamba wachezaji wao walitishwa na mkubwa wa usalama chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi. Fujo iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba marais wa klabu zote mbili waliondoka. Septemba 1943 Bernabéu akachaguliwa, kama mtu wa kutuliza mambo. Alikaa miaka 35.

Hapo ndipo hadithi ya uwanja inapoanza, na hebu tukae nayo kidogo.

Hali ya Hispania mwaka 1944 ilikuwa hivi: chakula kwa kadi, saruji na chuma kwa kibali cha serikali, Ulaya nzima inawaka moto. Katikati ya hayo, rais wa klabu isiyobeba ligi tangu 1933 anasimama anasema anataka uwanja wa zaidi ya watu 70,000. Watu walimcheka. Magazeti yaliuliza timu ndogo vile itafanya nini na jukwaa kubwa vile. Walioijua mizania ya klabu walinyamaza kwa huruma.

Bernabéu alikuwa na hesabu yake. Wakati ule hakukuwa na haki za televisheni, hakukuwa na nembo ya mdhamini kifuani. Pesa ya klabu ilitoka sehemu mbili: ada ya wanachama na kiingilio mlangoni. Mlango ukiwa mdogo, timu itakuwa ndogo. Wengi walitaka kwanza wanunuliwe wachezaji, timu ishinde, halafu uwanja ufuate. Yeye aliligeuza: uwanja kwanza, watu walipe, halafu waje mafundi wa mpira. Kwa tunavyoijua Real Madrid leo inaonekana rahisi. Mwaka 1944 ilikuwa kamari.

Juni 1944 klabu ilinunua ardhi jirani na uwanja wa zamani, kando ya barabara kuu ya Castellana, kwa mkopo wa Banco Mercantil e Industrial. Nyuma ya mkopo huo alikuwepo mwanabenki Rafael Salgado. Ukienda Madrid, mtaa unaopita upande wa kaskazini wa uwanja una jina lake mpaka leo, na mashabiki wengi wanaokunywa bia pale kabla ya mechi hawajui kwamba wanasimama juu ya jina la mkopeshaji. Ramani ilishindaniwa na wakapita Manuel Muñoz Monasterio na Luis Alemany Soler. Mkandarasi akawa kampuni ya Huarte. Oktoba 27, 1944 Bernabéu mwenyewe alishika sururu akapiga pigo la kwanza.

Mkopo wa benki haukutosha, na hapa ndipo akawageukia wanachama. Klabu ilitoa hati fungani: unaikopesha klabu fedha yako, inakupa karatasi, inaahidi kukurudishia na riba. Haikuwa mchango wa harambee, lilikuwa deni. Na wanachama wa Madrid, katika mji uliokuwa na njaa, walizinunua kwa haraka iliyowashangaza hata waliozitoa. Wapo waliokuwa na fedha na wapo waliojikamua. Lakini hilo ndilo lililofanya uwanja ule uwe wa klabu na si wa manispaa wala wa tajiri mmoja.

Je, Franco hakutia mkono? Swali hili linabishaniwa kila Barcelona na Madrid wanapokutana, nami nitasema ninavyoona. Kuta zile zilijengwa kwa benki na hati za wanachama. Hazina ya serikali siyo iliyolipa. Lakini katika nchi ambayo saruji, chuma na kibali cha ujenzi vyote viko mikononi mwa utawala mmoja wa kijeshi, hakuna mtu anayejenga kitu kikubwa vile bila wakubwa kukubali. Aliyepigana upande ulioshinda alikuwa na milango ya kugonga. Aliyepigana upande mwingine hakuwa hata na uhakika wa kuwa hai. Anayesema uwanja ulijengwa na dikteta anakosea, na anayesema siasa haikuhusika kabisa naye anatania.

Ujenzi ukiendelea, timu iliomba hifadhi uwanja wa Metropolitano, kwa Atlético. Kuwa mpangaji tena, safari hii kwa mtani!

Desemba 14, 1947 milango ilifunguliwa. Wageni walikuwa Belenenses ya Ureno, Madrid wakashinda 3-1, bao la kwanza likiwekwa na Sabino Barinaga, ambaye alikuwa miongoni mwa waliofunga katika ile 11-1. Dimba liliingiza zaidi ya watu 75,000, wengi wao wakisimama, na sehemu ndogo tu ilikuwa na paa. Na sasa sikia mkasa: msimu huohuo wa 1947-48 Real Madrid walimaliza ligi nafasi ya 11 kati ya timu 14, wakaponea chupuchupu kushuka daraja. Waliomcheka mzee mwaka 1944 walicheka tena, safari hii kwa sauti.

Hakutetereka. Mlango ule mkubwa ukaanza kuleta fedha, na fedha ikaleta watu. Mwaka 1953 akaja Alfredo Di Stéfano baada ya mvutano mkali na Barcelona. Mwaka huohuo akaja Paco Gento. Mwaka 1954 ligi ikarudi baada ya miaka 21, na Juni mwaka huo uwanja ukapanuliwa kufikia watu 125,000. Januari 4, 1955 mkutano wa wanachama ukaamua dimba liitwe Santiago Bernabéu. Mtu akiwa hai, ofisini, na jina lake juu ya geti. Kwa kawaida jambo kama hilo huleta minong'ono, lakini kwa wakati ule hapakuwa na wa kumbishia.

Kisha likaja Kombe la Ulaya, ambalo Bernabéu aliliunga mkono tangu wazo lilipotoka gazeti la L'Équipe la Ufaransa. Madrid walibeba matano ya kwanza, 1956 hadi 1960. La pili, Mei 30, 1957, walilichukua nyumbani mbele ya watu zaidi ya 120,000 kwa kuifunga Fiorentina 2-0. Raymond Kopa, José Santamaría, Ferenc Puskás: wote walikuja kwenye klabu ambayo miaka 10 nyuma ilikuwa inahesabu pointi za kubaki ligi kuu.

Mwaka 1957 Barcelona nao wakafungua Camp Nou, na gharama zikawapanda kichwani kuliko walivyopanga. Dawa ilikuwa kuuza ardhi ya uwanja wa zamani wa Les Corts, lakini ilihitaji kubadilishiwa matumizi kwanza. Ilisubiri mpaka 1965, na saini iliyotakiwa ilikuwa ya serikali ya Franco. Kwa hiyo mtani naye alipita mlango uleule. Hili mashabiki wa pande zote mbili hulisahau kwa hiari.

Utawala ulijua kulitumia dimba la Madrid. Mwaka 1960 Hispania walikataa kucheza na Umoja wa Kisovyeti kwenye Kombe la Mataifa ya Ulaya kwa sababu za kisiasa. Miaka minne baadaye, Juni 21, 1964, fainali ilipigwa Bernabéu dhidi ya Wasovyeti haohao, Franco akiwa jukwaani, bao la Marcelino likaamua 2-1. Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa sana karibu na wakubwa. Muda wake wa mapumziko aliupeleka Santa Pola, pwani ya Alicante, kwenye kimashua cha kuvulia samaki.

Lakini jicho lake la ardhi halikulala. Mwaka 1963 klabu ilifungua Ciudad Deportiva, viwanja vya mazoezi na michezo mingine, kaskazini zaidi kwenye Castellana, mahali ambapo wakati ananunua palikuwa nje ya mji. Jiji likamfuata, kama lilivyoifuata O'Donnell. Tofauti ni kwamba safari hii hati ilikuwa yake.

Miaka ya 1970 mambo yakawa mazito. Makombe ya Ulaya yalikoma baada ya lile la sita la 1966, madeni yakaongezeka. Mwaka 1973, akiwa na miaka 78, alikuja na mpango uliowaacha watu midomo wazi: kuuza uwanja wenye jina lake, eneo lijengwe mnara mrefu wa biashara, na klabu ijenge dimba jipya Fuencarral, nje kidogo ya mji. Alikuwa anarudia mbinu ya 1944 akiwa mzee. Jiji likakataa. Mtu ambaye wapinzani wanasema alibebwa na utawala, utawala uleule ukiwa bado madarakani, alipigwa chini na meya. Mpango ukafa.

Bernabéu alifariki Juni 2, 1978 kwa saratani, siku moja baada ya Kombe la Dunia kuanza Argentina. Miaka minne baadaye fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa kwenye uwanja wake, Italia 3 Ujerumani Magharibi 1.

Ile ardhi ya Ciudad Deportiva iliuzwa mwaka 2001 chini ya Florentino Pérez, baada ya jiji na mkoa kukubali ibadilishiwe matumizi. Zilipatikana takribani euro milioni 480, deni likafutwa, na leo pamesimama minara mitano mirefu. Uwanja ambao mzee alitaka kuuvunja haukuvunjwa. Ulikarabatiwa kwa mikopo mitatu, 2019, 2021 na 2023, jumla euro milioni 1,170, na sehemu ya hesabu ya kulipa ilikuwa matamasha ya muziki. Septemba 2024 matamasha hayo yalisimamishwa. Majirani wa mitaa ya kuzunguka pale, ambapo mwaka 1944 jiji lilikuwa bado linaishia, walisema kelele zinawazuia kulala.