Mkamua ng'ombe aliyetengeneza homoni ya maji

Ukichunga kutwa nzima wakati wa kiangazi hapa Babati, jioni unarudi na kiu, na mkojo unakuwa mchache wenye rangi iliyokolea. Hiyo ni kazi ya ubongo. Damu ikipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, nayo huziamuru figo zirudishe maji kwenye damu. Leo tunamkumbuka mtu aliyeitengeneza maabara, Vincent du Vigneaud.

Alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1901. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa kusaidia kazi mashambani, akapenda kukamua ng'ombe hadi akataka awe mkulima. Dada yake ndiye aliyemshawishi asome kemia.

Lakini ng'ombe hakuachana naye. Tangu miaka ya 1930 yeye na wenzake walichunguza tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, wakiipata kwa ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Humo mna homoni mbili: vasopresini, na oksitosini inayoshusha maziwa na kukaza mji wa mimba. Zilimchukua miaka mingi. Mwaka 1953 alitangaza kuwa ametengeneza oksitosini, vasopresini ikafuata, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ajabu ni kwamba kila moja ina vipande tisa vilivyoungana, na saba ni vilevile. Viwili tu ndivyo vinavyotenganisha kazi ya maziwa na kazi ya maji! Vasopresini ya ng'ombe ni sawa na yetu binadamu. Ya nguruwe inatofautiana kwa kipande kimoja, na hiyo ya nguruwe ilikuja kukutwa pia kwa viboko, ndugu wa hawa wa Ziwa Babati.

Du Vigneaud alifariki mwaka 1978. Sindano ya oksitosini anayochomwa mama akishajifungua, ili asitokwe damu nyingi, haihitaji tena tezi za machinjioni.

Na wapo watu ambao ubongo wao hautoi vasopresini ya kutosha. Hukojoa lita nyingi kwa siku, hunywa maji bila kukata kiu, usiku hawalali. Wengi hudhani ni kisukari, kumbe sukari ikipimwa iko sawa. Mtu wa namna hiyo asinyimwe maji hata kidogo. Apelekwe hospitali, kwani ipo dawa iliyotokana na homoni hiyohiyo.