Marcello Malpighi

Marcello Malpighi (Crevalcore, 10 Machi 1628 – Roma, Novemba 1694) alikuwa daktari na mwanabiolojia kutoka Italia. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kutumia hadubini kuchunguza miili ya wanyama na mimea. Anajulikana hasa kwa kugundua kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Pia ndiye aliyeeleza kwamba uvimbe unaoota kwenye majani na matawi ya mimea mingi huanza baada ya mdudu kutaga mayai humo.

Maisha ya awali

Malpighi alizaliwa katika familia ya wakulima wenye mali karibu na mji wa Bologna, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Dola la Papa. Alianza masomo ya chuo kikuu mjini Bologna mwaka 1646. Wazazi wake walipofariki, aliyasimamisha masomo kwa muda ili kuwatunza wadogo zake. Alihitimu tiba na falsafa mwaka 1653, na mwaka uliofuata alimwoa Francesca Massari, dada wa mwalimu wake.

Tangu mwaka 1656 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Pisa. Huko alifanya urafiki na mwanahisabati Giovanni Borelli, aliyemtia moyo kufanya majaribio badala ya kutegemea vitabu vya kale peke yake. Baadaye alifundisha Bologna, akaenda Messina kisiwani Sicilia (1662–1666), kisha akarudi Bologna na kukaa huko miaka 25.

Kapilari

Mwaka aliozaliwa Malpighi, Mwingereza William Harvey alikuwa ametoa kitabu kinachoeleza mzunguko wa damu. Harvey hakuweza kuona njia ambayo damu hupitia kutoka ateri hadi vena. Mwaka 1661 Malpighi alichunguza mapafu ya chura kwa hadubini, akaiona njia hiyo ndani ya mishipa midogo isiyoonekana kwa macho matupu.

Baada ya hapo alichunguza ulimi, ubongo, figo, ngozi na ukuaji wa kifaranga ndani ya yai. Mwaka 1669 Royal Society ya London ilichapisha kazi yake kuhusu nondo wa hariri, ambayo ilionyesha kuwa mdudu mdogo ana viungo vingi vya ndani.

Uvimbe wa mimea

Kitabu chake kikubwa kuhusu mimea, *Anatome Plantarum*, kilitoka London kwa sehemu mbili, mwaka 1675 na 1679. Katika sehemu ya pili aliweka makala nzima juu ya uvimbe wa mimea, pamoja na michoro mingi.

Watu wa Ulaya waliufahamu uvimbe huo tangu zamani, hasa ule wa mti wa mwaloni, kwa kuwa ulitumika kutengeneza wino mweusi na dawa. Ukipasuliwa, mara nyingi hukutwa lava ndani yake. Swali lilikuwa: lava huyo aliingiaje mahali pasipo na tundu? Wengi waliamini kwamba mmea wenyewe ndio uliomzaa. Hata Francesco Redi, ambaye mwaka 1668 alithibitisha kwamba funza wa nyama iliyooza hutoka katika mayai ya nzi, alikubali kwamba nguvu ya uhai ya mmea iliweza kuzaa wadudu wa uvimbe.

Malpighi alifuatilia uvimbe tangu mwanzo wake. Alimwona mdudu akitaga mayai kwenye chipukizi la mwaloni, akachora kwa makini kiungo chembamba anachotumia kutoboa mmea na kuingiza yai. Kwa hiyo tundu lilikuwapo, ila lilikuwa dogo mno, na mmea ulikua ukalifunika. Antonio Vallisneri, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliendeleza utafiti huo.

Kuhusu chanzo cha kuvimba, Malpighi alifikiri kwamba mama humwaga majimaji yanayovuruga utomvu wa mmea. Leo inajulikana kwamba ni kweli kwa baadhi ya wadudu tu. Kwa nyigu wa mwaloni, lava ndiye anayeulazimisha mmea kumjengea chumba chenye tishu laini za kula. Tena si wadudu peke yao: kuna uvimbe unaosababishwa na utitiri, kuvu, minyoo ya mizizi au bakteria. Mwaka 1977 ilithibitishwa kwamba bakteria mmojawapo huingiza sehemu ya DNA yake ndani ya seli za mmea.

Malpighi alichora pia vifundo vya mizizi ya jamii ya maharage, akavihesabu kuwa uvimbe wa aina hiyo hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 ilibainika kwamba vifundo hivyo hukaliwa na bakteria wanaoupatia mmea nitrojeni.

Upinzani na miaka ya mwisho

Madaktari kadhaa wa Bologna walimpinga vikali. Walidai kwamba kuchunguza wadudu na majani kwa hadubini hakumsaidii mgonjwa. Zaidi ya hayo, familia yake ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na familia ya Sbaraglia, na Giovanni Girolamo Sbaraglia alikuwa mmoja wa wapinzani wake chuoni. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, na hadubini na maandishi yake mengi yakateketea.

Mwaka 1691 Papa Inosenti XII alimwita Roma awe daktari wake. Malpighi alifariki huko kwa kiharusi miaka mitatu baadaye, akazikwa Bologna.

Urithi

Jina lake limebaki katika mirija ya Malpighi, ambayo ni viungo vya wadudu vya kutolea taka mwilini, katika tabaka mojawapo la ngozi ya binadamu, na katika familia ya mimea Malpighiaceae.