Marehemu Argwings-Kodhek: Wakili Aliyetaka Chama cha Nchi Nzima

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, tumeona yafaa kuwapa wanachama na viongozi habari za maisha ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Buha wala hakuishi kwa jembe. Alikuwa wakili wa nchi jirani ya Kenya, na hatimaye akawa Waziri. Lakini jambo alilolishindania ni lile lile lililowakutanisha wakulima wa Kibondo na Kasulu chini ya chama kimoja, na kwa ajili hiyo maisha yake yanatuhusu.

Marehemu Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika Nyanza. Alisoma Makerere, akafanya kazi ya ualimu, kisha akaenda Uingereza kuongeza elimu. Huko alijifunza sheria hata akapata uwakili. Aliporudi Kenya mwaka 1952 alipewa nafasi katika kazi ya sheria ya Serikali, lakini kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu mwenye elimu na kazi kama yake. Alikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe mjini Nairobi, akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili nchini mwake. Wazee wa Buha waliosafiri zamani za ukoloni kwenda kukata mkonge waliujua ubaguzi wa namna hiyo, kwa kuwa ujira wa siku zile haukupimwa kwa kazi tu, ulipimwa na kwa rangi ya mtu.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1952 Serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Sheria zikawa kali mno, hata mtu aliyekutwa na risasi aliweza kuhukumiwa kufa. Katika miaka michache watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Bwana Argwings-Kodhek alisimama mahakamani kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau, wakati ambapo kuonekana karibu nao tu kulitosha kumtia mtu mashakani.

Chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, KAU, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 Serikali ilikubali tena vyama vya Waafrika, ila kwa sharti kwamba kila chama kiwe cha wilaya moja tu. Wakili wetu hakuridhika. Mwishoni mwa mwaka ule alijaribu kuanzisha chama cha Waafrika wa Kenya nzima, lakini Serikali ilikataa kukiandikisha. Mwaka 1956 kiliandikishwa baada ya kukubali kuwa chama cha wilaya ya Nairobi peke yake. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, aligombea Nairobi, akashindwa na Bwana Tom Mboya.

Tunaomba wasomaji walifikiri sharti lile la wilaya. Lilidumu miaka mitano tu, kwa maana mwaka 1960 vyama vya nchi nzima viliruhusiwa. Lakini katika miaka hiyo kila kiongozi alikuwa amekwisha kujenga ngome yake, na watu wamekwisha kuzoea kumtazama jirani wa wilaya ya pili kama mgeni. Sharti liliondoka, mazoea yakabaki. Huku Tanganyika TANU ilianza mwaka 1954 ikiwa chama cha nchi nzima, nasi tulipata faida yake.

Katika uchaguzi wa mwaka 1963 Bwana Argwings-Kodhek alichaguliwa kuwa Mbunge wa Gem. Aliingia Serikalini, akapanda hata kuwa Waziri. Mwaka 1966 Bwana Oginga Odinga alipojitenga na KANU na kuongoza chama cha KPU, watu wengi wa Nyanza walimfuata. Yeye alibaki KANU, ijapokuwa kwa kufanya hivyo alitofautiana na wengi wa kwao. Alikuwa akishughulikia mambo ya nchi za nje alipofariki Nairobi usiku wa tarehe 29 Januari 1969. Ilitangazwa kuwa ni ajali ya gari, ingawa wako waliotia shaka. Barabara aliyofia iliitwa kwa jina lake. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka ule, kiti chake cha Gem kilichukuliwa na KPU.

Ndugu wanachama, bei ya kahawa au ya maharage ikishuka, husikika maneno kwamba ingefaa kila wilaya ijiuzie mazao yake, na kila chama cha msingi kijitafutie mnunuzi. Mnunuzi huyafurahia sana maneno hayo, kwa kuwa ni rahisi kumpunja mkulima aliye peke yake. Kule Kenya watawala ndio walioweka mipaka ya wilaya kwa sheria, na wakili msomi akashindwa kuivunja. Hapa kwetu hakuna anayetulazimisha. Tukigawanyika, tutakuwa tumegawanyika kwa hiari yetu. Basi viongozi watoe hesabu zao wazi, mizani iwe ya haki kwa mtu wa Kibondo kama kwa mtu wa Kasulu, na sote tuingie katika miaka kumi ijayo tukiwa chama kimoja.