Yatima Aliyekuja Kulea: Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui



Twamshukuru Mola kwa kutufikisha tena Ramadhani, hali twajua kwamba si wote tuliofunga nao mwaka jana wako nasi mwaka huu. Pengine wewe unayesoma hapa ni mmoja wa waliofiwa. Mwaka jana mama ndiye aliyekugongea mlango wakati wa daku, akakuita mara ya kwanza kwa upole, na ya tatu kwa ukali. Mwaka huu waamshwa na simu. Au baba ndiye aliyekuwa akitoka kazini akipitia tende na viazi karai, na sasa kazi hiyo imekuangukia wewe, na hata hujui alikuwa akinunua kwa nani.

Na dunia haikusimama kukungoja. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa, majirani wakapika, jamaa wakatoka Lamu na Malindi wakaja. Siku ya nne kila mtu akarudi kwake. Karo ya shule ikadaiwa, kodi ya nyumba ikadaiwa, stima ikataka kulipwa. Mdogo wako akaanza kuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Huu ndio msiba wenyewe. Watu huja kwenye ule wa kwanza, lakini huu wa pili mtu hubaki nao peke yake.

Leo tutakueleza maisha ya mtu wa papa hapa Mombasa. Jina lake walijua, maana ukoo wake mji mzima waujua. Lakini ni wachache kati yetu wanaokumbuka kuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza maisha yake akiwa yatima.

Mtoto wa miaka mitatu

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa tarehe 27 Januari 1891. Babake alikuwa Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa pwani hii katika karne ya 19. Alikuwa mtu wa msimamo. Zama za Sayyid Barghash, mtawala wa Zanzibar, alitiwa gerezani kwa ajili ya mafundisho yake, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Hebu piga hesabu: miaka mitatu tu baada ya kufunguliwa ndipo akaruzukiwa mtoto huyu.

Lakini hawakukaa pamoja sana. Mwaka 1894 Sheikh Ali aliaga dunia, na Al-Amin hata miaka minne hajatimiza. Mtoto wa umri huo humkumbuka vipi babake? Labda sauti, labda kanzu, labda harufu ya udi. Mengine yote huyapata kwa kusimuliwa na watu.

Na wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwaka 1895 Waingereza waliitangaza nchi hii kuwa chini ya himaya yao, na mwaka huo huo vita vikazuka baina yao na Mazrui wa Takaungu na Gazi wakiongozwa na Mbaruk bin Rashid. Vita vilipokwisha mwaka 1896, Mbaruk na watu wake walikuwa wamevuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, Tanganyika ya baadaye. Ukoo ambao miaka 60 nyuma ulikuwa ukitawala Mombasa sasa ulikuwa umetawanyika. Katika hali hiyo ndipo mtoto mmoja mdogo kisiwani hapa alipohitaji mtu wa kumshika mkono.

Aliyemshika mkono

Mtu huyo alipatikana katika jamaa zake mwenyewe: Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui. Yeye ndiye aliyemlea na ndiye aliyemsomesha.

Hapa ndugu msomaji tutue kidogo. Wengi wetu tukisikia kulea yatima twafikiria kilo za unga, sare ya shule na nguo za Idi. Hayo ni mambo mazuri wala hayadharauliwi. Lakini Sheikh Suleiman alimpa mtoto yule kitu ambacho babake angempa lau angekuwa hai, nacho ni elimu. Hakumwacha akae pembeni ya nyumba kama mgeni anayeonewa huruma. Alimkalisha chini, akamfungulia kitabu.

Kijana alipoinukia alikwenda kusoma Zanzibar, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa chemchemi ya elimu ya dini Afrika Mashariki. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeyt na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa wawili ambao wanafunzi waliwafuata kutoka kila pembe ya pwani. Basi yule aliyefiwa na baba mmoja akawa na wazee watatu wa kumwelekeza.

Nao pia hawakudumu. Mwaka 1925, katika muda wa wiki chache tu, Sheikh Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumeyt walifariki dunia mmoja baada ya mwingine. Al-Amin alikuwa na miaka 34. Mtu mzima naye hufiwa na wazazi, hata kama si wazazi wa kumzaa, na uchungu wake haupunguzwi na ndevu.

Alifanya nini na msiba wake

Alishika kazi. Alisomesha, na wanafunzi wake wengine wakaja kuwa nguzo. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jengine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Zama hizo mwanachuoni akiandika huandika kwa Kiarabu kwa ajili ya wanazuoni wenziwe. Yeye alitaka asome muuza samaki, asome mama aliye nyumbani, asome kijana wa barazani. Aliwahimiza Waislamu wasome elimu ya dini na ya dunia, wasomeshe na watoto wa kike, waache uvivu, na waache israfu katika harusi na matanga. Makala hayo yalikusanywa yakatoka kwa jina la Uwongozi mwaka 1944.

Aliwaandikia watoto pia. Kitabu chake Hidayatul Atfal, yaani uongozi wa watoto, ni cha kuwafunza wadogo dini yao. Fikiria ni nani aliyekiandika: ni mtu ambaye babake hakuwahi kukaa naye akamfunza hata sura fupi.

Jambo jengine ni hili. Babake hakumjua, lakini alikaa akaandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, tangu Mazrui waliposhika utawala wa Mombasa mpaka walipong'olewa na Sayyid Said mwaka 1837. Kitabu hicho hakikuchapishwa uhai wake. Kilitoka mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mtu aliyekatikiwa na kamba ya karibu alizifuata kamba za mbali, akazifunga moja moja. Wewe nawe ukiwa na shangazi au babu aliye hai, kaa naye baada ya tarawehe umuulize habari za babako alipokuwa kijana. Usingoje hata shangazi naye akaondoka.

Kiti cha kadhi

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliyekuwa kwenye kiti kile kabla yake ni nani? Ni Sheikh Suleiman, mlezi wake. Mtoto aliyelelewa alikuja kukaa pale pale alipokaa aliyemlea.

Sasa tazama kazi ya kadhi. Mbele yake huja mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mirathi maana yake ni kuwa kila mara huja mjane na watoto wake, na nyuma yao huja ami na wajomba. Yatima wa 1894 sasa ndiye anayewaamulia mayatima.

Na sheria yenyewe iko wazi, ila sisi ndio huifumbia macho. Mtu akifa, mali yake hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yao. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni yake. Fungu la mtoto mdogo ni amana: si la ami, wala si la kupikia biriani ya arubaini. Surat An-Nisaa yaanza na jambo hili, tena kwa makemeo makali. Lakini ngapi tumeziona katika mitaa yetu, Kibokoni na Majengo, nyumba ambazo matanga yalifana watu wakasifu, na mwezi wa pili watoto wa marehemu wakarudishwa nyumbani kwa karo? Waliokula walikuwa wengi. Waliolipa walikuwa wadogo wasiojua kusema la.

Yaani Sheikh alipopigia kelele israfu ya matanga, hakuwa akiwaonea gere watu kula. Kuna watoto nyuma ya ile sahani.

Naye akaacha mayatima

Tarehe 1 Aprili 1947 Sheikh Al-Amin alifariki dunia akiwa na miaka 56. Tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili aliyokuwa ameianza hakuimaliza. Sehemu yake ilikuja kuchapishwa baadaye. Miongoni mwa watoto aliowaacha ni kijana wa miaka 14, jina lake Ali, kama lile la babu aliyekufa gerezani limekwisha.

Baba alitaka Ali aende akasome Al-Azhar, Misri. Baba alipoondoka, na mpango ukaondoka. Kijana alisoma shule hapa Mombasa, akafanya mtihani wa Cambridge, na matokeo yakawa dhaifu hata mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Wewe uliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na kufiwa na mzazi, walielewa hili bila kuelezwa. Aliajiriwa kuwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor.

Siku moja katika sherehe ya Maulidi alisimama akahutubia, na miongoni mwa waliomsikia alikuwamo Gavana Philip Mitchell. Njia ikaanza kufunguka. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kwa msaada wa masomo. Akapata shahada Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, Marekani, mwaka 1961, na udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha Makerere na Marekani. Alipofariki mwezi wa Oktoba 2014 huko Marekani, hakutaka kuzikwa ugenini. Alirudishwa akalazwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Ngomeni, kwa wazee wake. Ukishuka kuelekea Fort Jesus wayapita. Siku nyengine usipite tu, simama, uwaombee.

Wanafunzi nao walikuwa watoto wake. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyesoma kwake, alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 mpaka 1968, na aliyempokea ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, ambaye naye alifaidika na elimu ya Sheikh Al-Amin.

Basi wewe

Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alizaliwa babake hayuko. Mamake, Bi Amina, alimzika akiwa na miaka sita, na babu yake akiwa na miaka minane. Kisha ami yake Abu Talib akamchukua. Surat Adh-Dhuha yamkumbusha uyatima huo, na baada ya kumkumbusha yampa kazi: asimwonee yatima. Hakuambiwa asahau. Aliambiwa kile alichokionja asimwonjeshe mwingine.

Sheikh Al-Amin ndivyo alivyoishi. Nasi hatukwambii kuwa uchungu utakwisha Idi ikiingia. Huenda asubuhi ya Idi ndiyo ikawa ngumu kuliko zote, ukivaa kanzu na hakuna wa kukurekebishia kola. Lia, si haramu. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Lakini ukishafuta machozi, tazama ndani ya nyumba: kuna mdogo wako anayekungoja umfunze hesabu. Na wewe ambaye wazazi wako wako hai, tazama nyumba ya jirani. Usipeleke sahani ya kaimati tu ukarudi. Muulize yule mtoto amefika wapi katika juzuu yake, na kesho urudi umsikilize.

Mola awarehemu wazazi wetu waliotangulia, amrehemu Sheikh Al-Amin na waliomlea, na atujaalie tuwe walezi wema kwa wanaobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.