Kawawa na filamu ya mshamba aliyekuja mjini

KABLA ya kuitwa Simba wa Vita, na kabla ya kushika uwaziri mkuu mara mbili, Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mwigizaji wa filamu. Watanganyika wengi waliiona sura yake kwenye kitambaa cheupe kabla hawajaisikia sauti yake kwenye mikutano ya siasa. Hadithi aliyopewa kuigiza, hata hivyo, haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kuchezwa na wengine, na iliendelea kuchezwa baada yake.

Mwanzo wake hauko mbali na Hale, mji mdogo wa mkonge na umeme wa mto Pangani. Katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, milimani Usambara, ndiko iliko Vugiri. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, alianzisha huko mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani na kampuni za migodi ya shaba za Rhodesia ya Kaskazini. Notcutt hakuwa mgeni wa mashamba. Alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1926 aliamini kwamba sinema ingewafanya vibarua waridhike na kazi yao.

Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35. Mojawapo ya zile za kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anaweka fedha posta, mwingine anazifukia ardhini na mwizi anazichukua. Mwerevu na mjinga, basi. Kipimo hicho kilionekana kufaa, nacho kikatumika kwa minyoo, kwa mbegu bora, na kwa karibu kila jambo ambalo serikali za kikoloni zilitaka raia walitii.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, katika sehemu ya Songea ambayo sasa ni wilaya ya Namtumbo, akiwa mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma hadi Tabora, shule iliyotoa viongozi wengi wa nchi. Nafasi ya kuendelea Makerere aliiacha ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake, akaajiriwa serikalini kama karani wa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia idara ya maendeleo ya jamii, na huko ndiko alikokutana na kamera.

Wakati huo serikali ya Tanganyika ilikuwa imeingia mkataba na African Film Productions ya Johannesburg, kampuni iliyoanza kazi mwaka 1915. Zilitengenezwa filamu za Kiswahili, miongoni mwao Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Katika Muhogo Mchungu, Kawawa alikuwa mhusika mkuu: mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam akiwa hajui hila za mji. Kule Afrika Kusini, kisa cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kuvuta watu mwaka 1949 kwa jina la African Jim. Kilichobadilika ni mji na lugha. Mjinga wa Vugiri alivaa kanzu nyingine tu.

Kwa nini hakubuniwa kisa kipya? Jibu lake halitofautiani sana na lile la Hollywood ya leo. Mwaka 2024 filamu nne zilizoongoza kwa mapato duniani, Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2 na Despicable Me 4, zote zilikuwa mwendelezo. Mwaka huo huo ilitoka Mufasa, iliyozaliwa na The Lion King ya mwaka 1994, ambayo nayo ilikwisha kutengenezwa upya mwaka 2019. Filamu kubwa hula mamia ya mamilioni ya dola, na kuitangaza ni gharama nyingine. Mwenye fedha hupenda jina ambalo mtazamaji analijua tayari. Ndiyo maana Disney ililipa takriban dola bilioni nne kwa Marvel mwaka 2009, na kiasi kama hicho kwa Lucasfilm mwaka 2012.

Serikali ya kikoloni haikutafuta faida ya tiketi. Ilitaka utulivu, na kisa kilichokwisha kuonyesha kwamba mjinga ni mtazamaji na mwerevu ni mtii kilikuwa salama kuliko kisa chochote ambacho Mwafrika angejitungia.

Kawawa hakukaa sana kwenye nafasi hiyo ya mshamba. Mwaka 1955 lilipoundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1958 shamba la mkonge la Mazinde, Korogwe, lilikumbwa na mgomo uliojulikana nchi nzima. Wale vibarua ambao Notcutt alitaka kuwaridhisha kwa sinema walikuwa sasa na chama chao. Hapo kisa kiligeuka kweli.

Kiligeuka tena Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu na Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria iliyobana migomo, jambo ambalo baadhi ya wenzake wa zamani wa vyama hawakulisahau. Baadaye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na Waziri Mkuu kwa mara nyingine kuanzia 1972 hadi 1977.

Ni katika miaka hiyo ya uongozi wake ndipo Tanzania ilipounda Kampuni ya Filamu, TFC, mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitoa Fimbo ya Mnyonge. Mhusika wake anaondoka kijijini, anahangaika Dar es Salaam, kisha anarudi na kunufaika katika kijiji cha ujamaa. Mshamba alikuwa amekuja mjini kwa mara nyingine, safari hii kwa gharama ya serikali huru. Mwaka mmoja wa uhuru au kumi, anayelipia filamu ndiye aliyeamua nani mjinga.

Kawawa alifariki dunia Desemba 31, 2009, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Wiki hizo majumba ya sinema duniani yalikuwa yamejaa watu waliokwenda kuona Avatar, filamu ambayo haikuwa mwendelezo wa nyingine wala haikutokana na kitabu. Sehemu yake ya pili ilitoka mwaka 2022, ya tatu mwaka 2025.