Niels Finsen: Daktari mgonjwa aliyetibu watu kwa mwanga

Ukiinama kutwa kwenye mashamba ya mpunga ya Lipangalala, Ifakara, jioni magoti yanakukumbusha. Leo wanasayansi wanajaribu kuotesha upya gegedu la viungo kwa kutumia seli shina na mwanga. Bado ni majaribio, lakini mwanga kama tiba una historia, na jina lake kubwa ni Niels Ryberg Finsen.

Alizaliwa mwaka 1860 visiwa vya Faroe, kwenye baridi na jua la kubahatisha. Akiwa kijana tu, akaanza kuugua. Nyumba aliyoishi Copenhagen ilitazama kaskazini, jua haliingii. Akawaza: huenda jua ndilo ninalokosa?

Mwaka 1890 akahitimu udaktari. Miaka mitano baadaye akaanza kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali wa taa ya umeme. Ugonjwa ule ulikuwa unakula nyuso za watu. Mwaka 1896 taasisi yake ikafunguliwa Copenhagen, na mamia ya wagonjwa wakapata nafuu.

Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, wakati huo akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sehemu ya pesa aliipeleka kwenye taasisi yake.

Septemba 24, 1904 akafariki, akiwa na miaka 43 tu. Mwanga uliorudisha nyuso za wengine haukuweza kumponya yeye. Ila mlango alioufungua haujafungwa mpaka leo.