Clarence Grimmett, Mtupaji Mwenye Subira

Clarence Grimmett alizaliwa siku ya Noeli, mwaka 1891, huko Dunedin katika nchi ya Nyuzilandi. Alikuwa mtoto mdogo wa mwili, tena mwembamba. Wazazi wake walihamia mji wa Wellington, na huko akasoma shule.

Watoto wa nchi hiyo hupenda mchezo wa kriketi. Katika mchezo huo mtu mmoja hutupa mpira mdogo wa ngozi, ulio mgumu sana. Mpigaji husimama mbali naye, kadiri ya metre 20, ameshika gongo la mti. Nyuma yake vimesimikwa vijiti vitatu. Mtupaji hujaribu kuviangusha vijiti, na mpigaji huvilinda. Vijiti vikiangushwa, au mpira uliopigwa ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka.

Clarence alipenda kutupa kwa nguvu na kwa mbio, kama wavulana wakubwa. Lakini mwalimu mmoja alitambua kipaji chake kingine. Akamshauri aache mbio, auzungushe mpira kwa kifundo cha mkono. Mpira wa namna hiyo huenda polepole, kisha ukigusa chini hugeuka ghafula upande mwingine, na mpigaji hudanganyika. Clarence akamtii mwalimu wake.

Kazi hiyo ni ngumu. Kifundo kikipinda kupita kiasi, hata kidogo tu, mpira hauanguki mahali panapotakiwa. Ukianguka karibu mno na mtupaji, mpigaji hupata nafasi ya kuutazama, akaupiga mbali. Ndiyo sababu watu wengi huweza kuuzungusha mpira, lakini wachache huweza kuulenga. Clarence alitaka kuyajua yote mawili.

Mwaka 1914 alivuka bahari akaenda Australia. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwa rangi juu ya vibao vya maduka. Alipokaa Melbourne alitengeneza kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake. Hapo alitupa mipira, akaitupa tena, siku kwa siku. Hakuwa na mwenzi wa kumrudishia mipira, basi alimfundisha mbwa wake. Mbwa alikaa kimya mpaka mipira minane imekwisha kutupwa, kisha akaenda kuileta mmoja mmoja.

Miaka ikapita. Wakubwa wa mchezo katika jimbo la Victoria walimchagua mara chache tu. Wengine wangalikata tamaa. Yeye hakuacha kujizoeza. Mwaka 1924 alihamia Adelaide, na huko wakampa nafasi. Mwaka 1925, mjini Sydney, aliichezea Australia mara ya kwanza, kushindana na Uingereza. Umri wake ulikuwa miaka 33, na wengi wa umri huo hufikiri kupumzika. Katika shindano hilo moja aliwatoa wapigaji 11.

Tangu siku hiyo jina lake likajulikana. Alicheza mashindano 37 ya mataifa, akatoa wapigaji 216. Kabla yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefikia 200. Katika safari ya Afrika ya Kusini, mwaka 1935 na 1936, alitoa wapigaji 44 katika mashindano matano, naye alikuwa na miaka 44.

Hata hivyo, mwaka 1938 timu ya Australia iliposafiri kwenda Uingereza, Clarence aliachwa nyumbani. Mwenziwe Bill O'Reilly alisikitika sana, na watu wengi walishangaa. Lakini Clarence hakuutupa mchezo. Aliendelea kuchezea jimbo lake mpaka mwaka 1941. Alikufa Adelaide mwaka 1980, mwenye miaka 88.

Watoto, Mungu humpa kila mtu kipaji chake. Mtumishi aliyeifukia talanta yake hakupata faida. Clarence hakuwa na mwili mkubwa wala nguvu nyingi. Alipokea shauri jema la mwalimu, akalifanyia kazi miaka mingi, hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kumtazama ila mbwa wake.

Maswali
1. Kwa nini ni vigumu kuulenga mpira unaozungushwa kwa kifundo?
2. Nani alimrudishia Clarence mipira yake?
3. Wewe unajizoeza kazi gani pasipo kuonwa na watu?